Majina Yamekaa Vizuri

Upepo wa Uyole mwezi wa nane hauna adabu. Siku ile ya maonesho ya Nane Nane ulikuwa ukifunua maturubai, ukiwajaza watu vumbi machoni na kupekua sketi za kinadada bila kuomba ruhusa. Ilipofika saa tano asubuhi ukaingia kwenye banda la Sabina, mwenye duka la uchapaji, ukabeba maneno yote yaliyokuwa mezani.

Maneno kwelikweli, sitanii. Yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi na kukatwa kwa mkasi, moja moja: MCHELE, MBARALI, KILO, KARIBU. Mwenye maneno alikuwa Nyamizi, binti wa Mzee Nashoni wa Chimala, msichana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mweusi wa kung'aa. Alivaa gauni la kitenge cha njano, na juu yake sweta zito la bluu, maana baridi ya Mbeya haijali kitenge chako kimeshonwa na nani. Kazi yake ilikuwa kubuni matangazo na kadi kwenye duka la Sabina pale Soweto, mjini Mbeya. Wenzake wakipewa kazi hukimbilia kompyuta; yeye alianza na mkasi. Alikata maneno, akakata picha, akavimwaga mezani ovyo, halafu akaanza kuvisogeza: hiki juu, hiki pembeni, hiki kigeuke. Mwanzoni hakujua atatoka na nini. Ndivyo alivyopenda. Alikuwa akisema kwamba ukishajua mwisho, huoni tena, unafuata tu.

"Kaka, shika hilo! Shika hilo!"

Aliyeitwa kaka alikuwa banda la jirani, akipanga viti vya mbao za paini. Neno MCHELE lilimrukia, likatua, naye akageuka na kulikanyaga kwa buti lake lote.

"Umekanyaga mchele wangu!"

"Samahani, dada." Aliinua mguu taratibu, akaokota karatasi na kuipangusa kwenye suruali. Alikuwa kijana mpana wa mabega, shati la drafti, penseli nyuma ya sikio. "Mi mtu wa Mafinga, mchele kwetu ni wa sikukuu. Siwezi kuukanyaga kusudi. Kamwene."

"Hiyo ni salamu ya kwenu. Sisi Wasukuma asubuhi tunasema mwangaluka."

"Mwanga... nini?"

"Mwangaluka. Itamke polepole, isije ikakuvunja meno."

Akacheka, akaenda bandani kwake, akarudi na vipande vya mbao mkononi, vile alivyoletea wateja waone rangi za vanishi. Akaviweka juu ya maneno, kimoja kimoja, yasipeperuke tena. MCHELE akaliweka pembeni kabisa, limepinda, mbali na wenzake. Nyamizi akanyoosha mkono kulirudisha, mkono ukaishia hewani.

"Nimekosea?"

"Umekosea vizuri," alisema. "Usiliguse. Ningelifikiria mimi ningeliweka katikati, kama kila mtu."

"Mi nimeweka tu lisiruke."

"Ndiyo maana."

Bango la mchele lilichapwa hivyo hivyo, neno limepinda pembeni, na mwenye mchele akalipenda. Jioni wakifunga mabanda yule kijana alikuja tena.

"Naitwa Obeid. Nipe namba yako, nikikosea tena nikupigie."

Jamani, kuna mwanamke wa kukataa hapo? Nyamizi alimpa.

Basi zikaanza simu. Asubuhi "mrembo wa mkasi umeamkaje," mchana "fundi wangu umekula," jioni ndiyo usiseme, mpaka salio linakata na neno lingali mdomoni. Mwezi wa kumi Nyamizi alipanda basi kwenda Mafinga kumtengenezea bango la karakana. Hakufungua hata kompyuta. Alimwaga vipande vya paini uani, akapanda juu ya rundo la mbao na sketi yake ameikunja mkononi, akawa anaamuru kutoka huko juu.

"Sogeza kushoto. Kushoto, Obeid!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwangu! Kushoto kwako kumesomea ubunifu lini?"

Herufi zilijipanga moja baada ya nyingine, nene kwa nyembamba, nyeupe kwa nyekundu ya vanishi, hadi Nyamizi akapiga makofi. Ndipo Vitus, mwenzake Obeid wa karakana, alipoacha randa na kusoma kwa sauti: "O-be-id Fan-chi-a. Fanchia ndiyo nini?"

Walicheka mpaka Nyamizi akashuka kwenye rundo akiwa amekaa. Kweli, aliandika FANCHIA badala ya FANICHA, na kutwa nzima hakuliona. Huyo ndiye Nyamizi: herufi kwake ilikuwa mwili, ina kiuno, ina mabega, ina pale inapopenda kusimama. Kuisoma ilikuwa kazi ya watu wengine.

Obeid naye alikuwa na ugonjwa wake. Hakusema kitu moja kwa moja. Ukimuuliza mambo ya mbele anakujibu kwa mbao. "Mbao mbichi haipigwi randa, mpenzi. Ikikauka, nitasema." Krismasi ikapita, mbao mbichi. Pasaka ikapita, mbao bado. Nyamizi alianza kuona aibu shoga zake wanapouliza. Halafu mwezi wa tano, Jumapili mchana, simu ikaita.

"Imekauka," Obeid alisema.

"Nini?"

"Mbao."

"Obeid, sema Kiswahili."

"Mzee Abrahamu wa usharikani kwetu atakwenda Chimala, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ana barua ya posa."

Nyamizi alipiga kelele hadi Sabina akatoka nje na mkasi. Jioni ile ile alimpigia baba yake. Mzee Nashoni, aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe zake akiwa bado kijana, si mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Nitawaita baba zako wadogo." Kwa mtu anayemjua, hiyo ni furaha kubwa. Na kwa anayezijua koo, hiyo ni hatari pia: wazee wakishaitwa, mshenga asipotokea, aibu haifutiki kwa samahani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Msimu wa harusi ulikuwa unakaribia, na Sabina alitaka sampuli mpya ya kadi za mwaliko. Nyamizi akakata majina kutoka kadi za zamani, akayamwaga mezani. Eveline na Gideon: hayakukaa. Violet na Saulo: moja lilimeza jingine. Siku tatu anasogeza, anafumba jicho moja, anasogeza tena. Alitaka majina mawili yanayoanza na herufi moja, herufi zisimame huku na huku kama miimo ya mlango. Akaandika lake, Nyamizi, kwa kuwa N yake aliijua. Akatafuta N nyingine, fupi, nzito. Kichwa kikamletea Nkuba.

Nkuba ni kaka yake! Wa tumbo moja! Alizaliwa siku ya radi, ndiyo maana nyumbani anaitwa hivyo. Kanisani alibatizwa Silvester, na huko nje wote wanamjua kwa Silvester, Obeid akiwa mmojawapo. Wameongea kwenye simu mara mbili tatu, shemeji huku shemeji kule. Lakini Nyamizi pale mezani hakumuona kaka. Aliona N mbili zimesimama, na y na z zimening'inia upande mmoja kama hereni. Akaongeza tarehe ya kubuni, na juu kabisa, kwa kuwa mstari ulihitaji urefu, akajaza: *Familia ya Mzee Nashoni wa Chimala inayo furaha kukualika.*

"We mtoto, utajichuria," Sabina alimwambia. "Mtu hajiandikii kadi kwa mkono wake."

"Sampuli tu, mama."

"Haya. Ila kitu kimekaa." Akaipiga picha kwa simu, akaiweka kwenye stetasi ya duka na maneno ya kuwavutia wateja: *Hongera Nyamizi, kitu kimekaa!*

Ilikuwa Alhamisi. Saa nane mchana Obeid akapiga. Nyamizi alikuwa na mteja mbele yake, mwingine nyuma ya mteja, na karatasi imekwama kwenye mashine.

"Nimeona kadi," Obeid alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, ila dukani mashine zilikuwa zinanguruma.

"Umeiona! Imekaaje?"

"Wewe mwenyewe umeiridhia?"

"Mno! Siku tatu nahangaika, mpenzi. Nimejaribu majina mengine, wapi! Lakini hayo mawili nilipoyaweka pamoja tu, yakatulia. Huwezi tena kuyatenganisha."

"Huyo Nkuba umemtoa wapi?"

Nyamizi akacheka. "Nkuba si yuko pale nyumbani Chimala siku zote! Natafuta mbali kumbe yuko karibu."

"Kwa hiyo mimi sina nafasi."

Nyamizi alidhani fundi anataka jina la karakana liwekwe chini ya kadi, maana wafanyabiashara ndivyo walivyo, wakiona sehemu nyeupe wanaitamani. "Hiyo nafasi nimeiacha makusudi, Obeid. Usitake kuijaza. Ukiingiza kitu kingine pale unaharibu yote."

"Nimeelewa," alisema Obeid. "Mungu awabariki."

"Amina, mpenzi! Basi Jumamosi."

Simu ilikuwa imeshakatika. Nyamizi akajua ni mtandao, akarudi kwa wateja wake.

Jumamosi nyumba ya Mzee Nashoni ilifagiliwa tangu alfajiri. Baba wadogo wanne walifika na fimbo zao, wakakaa kwenye viti vilivyoazimwa kwa majirani. Mbuzi alichinjwa. Nyamizi alivaa gauni la zambarau lenye lesi mabegani, akasuka nywele mstari, akapaka mafuta, akawa anakwenda dirishani na kurudi. Mzee Abrahamu alitarajiwa saa nne. Saa sita nyama ikaiva. Saa saba baba mdogo mmoja akauliza kama Mafinga imehama. Saa nane wali ukapoa, ukapashwa. Nyamizi alipiga simu mara ishirini na mbili, na kila mara yule dada wa kwenye simu akamwambia namba anayopiga haipatikani.

Saa tisa wazee wakala. Walikula kimya, na hakuna kitu kinachouma kama watu kula nyama ya posa yako kimya. Nyamizi aliingia chumbani, akajitupa kitandani na gauni lake, akalia mpaka mto ukalowa. Alikuwa akimpenda yule mtu. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi, peke yake mle ndani: "Nampenda, na ameniaibisha."

Nje pikipiki ikasimama. Sauti ya kaka yake ikatangulia mlangoni.

"Nyamizi! Nyamizi, hebu toka! Tangu lini mimi na wewe tumechumbiana?"

Silvester alikuwa ametoka mashine ya kukoboa mpunga, unga wa pumba umemjaa kichwani, simu mkononi. Wenzake wa mashineni walimcheka kutwa. Picha ya kadi ilikuwa imetembea kutoka Soweto hadi Chimala kwa mkono wa huyu na yule, na kila anayemjua kwa jina la nyumbani alimpa pole ya kuoa dada yake.

Nyamizi alichukua simu. Akaitazama kadi.

Mzee Nashoni alinyoosha mkono akaichukua. Akaivuta mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Umepanga vizuri," alisema. "Umesoma?"

"Sikusoma, baba."

"Soma."

Akasoma kwa sauti, mbele ya baba zake wote, kila neno, na kila neno likamkumbusha jinsi alichosema kwenye simu kilivyosikika upande wa pili. Nkuba si yuko pale nyumbani. Huwezi kuyatenganisha. Usitake kuijaza. "Mungu wangu," alisema, "nimemfukuza kwa mdomo wangu."

Baba mdogo mmoja aliguna kwamba mwanamume wa kweli angeuliza. Mzee Nashoni akakubali kwamba angeuliza. Kisha akamgeukia binti yake.

"Kamtafute. Nkuba atakusindikiza. Ila umwambie barua siitaki tena. Barua ni maandishi, na maandishi tumeyaona leo. Kama ananitaka ukwe, aseme kwa mdomo wake, mimi nisikie."

Jumatatu, dada na kaka walishuka Mafinga. Karakana ilikuwa na Vitus peke yake, akamtazama Nyamizi kama mtu aliyeona mke wa watu. Alisema Obeid yuko Iringa mjini, anafunga meza kwenye mgahawa mpya pale Miyomboni, na ya kwamba tangu Alhamisi hali chochote. Wakapanda gari jingine.

Walimkuta amepiga magoti chini ya meza, mgongo kwao. Mgahawa ulinukia vanishi na vitunguu, na wateja wachache walikuwa wameshakaa kwenye meza zilizokwisha kufungwa, wanakula chipsi.

"Obeid."

Alitoka chini ya meza, akagonga kichwa. Alikuwa amekonda usoni. Alimtazama Nyamizi, akamtazama kijana aliyesimama nyuma yake, na macho yakabaki kwa kijana.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye nani?"

"Nkuba."

"Ndiye," Nyamizi alisema. "Msalimie. Mama yetu mmoja, baba yetu mmoja, titi tulinyonya lile lile!"

Silvester alitoa kitambulisho mfukoni na kukiweka juu ya meza yenye vanishi mbichi, kikanasa. "Silvester Nashoni, shemeji. Nkuba ni la nyumbani. Sauti yangu huikumbuki?"

Obeid alisoma kitambulisho. Akakisoma tena. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Ni sampuli," Nyamizi alisema. "Nilitafuta N mbili."

"N mbili."

"Ndiyo, N mbili! Wewe ukanizimia simu kwa N mbili! Baba zangu wamekaa kwenye viti vya kuazima toka saa nne mpaka saa tisa! Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliuliza!" Obeid naye akapandisha sauti, na wateja wakaacha chipsi. "Nikakuuliza kama umeridhia, ukasema mno. Nikakuuliza kama nina nafasi, ukasema nikiingia naharibu yote!"

"Nilikuwa naongelea kadi!"

"Mi ningejuaje?"

"Ungesema, 'Nyamizi, unaolewa?' Maneno mawili! Lakini wewe kila kitu mpaka ukizungushe, mbao mbichi, mbao kavu!"

Mama mmoja mezani alisema, "Dada anasema kweli," akarudi kwenye chipsi zake.

"Niliogopa," Obeid alisema mwishowe, taratibu. "Miezi tisa nilikuweka ukisubiri. Nilipoona jina la baba yako pale juu nikasema, nimechelewa, mwenye haraka kaniwahi. Niliogopa kuuliza kwa sababu nilijua ukisema ndiyo, nitaanguka."

Hasira ya Nyamizi iliondoka yote kwa mara moja, akabaki na mtu aliyemkosa siku nne. Akachuchumaa mbele yake.

"Na mimi nina kosa langu," alisema. "Niliona herufi, sikuwaona watu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nisamehe na mimi."

"Subiri kwanza. Baba hataki barua. Anataka mdomo wako."

Silvester alikuwa ameshapiga simu. Akamkabidhi Obeid, ikiwa inaita. Obeid alisimama, akajifuta mikono, akajipangusa vumbi la mbao kana kwamba mzee anamwona.

"Mwangaluka, baba."

"Sasa hivi ni saa kumi jioni," ilijibu sauti ya Mzee Nashoni. "Hiyo ni ya asubuhi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Obeid, wa Mafinga. Mimi ndiye mliyenisubiri Jumamosi."

"Ehee. Ukapotelea wapi?"

"Niliona kadi, baba. Nikaogopa kuuliza."

"Na sasa unasemaje?"

Nyamizi alimwona akitafuta mbao ya kujifichia. Alimwona akiiacha.

"Nasema nataka kumuoa Nyamizi. Nilipaswa kusema zamani. Naomba radhi kwako na kwa wazee."

Kutoka Chimala ng'ombe mmoja alisikika akilia.

"Njoo Jumamosi," alisema mzee. "Mbuzi wa kwanza tulishamla. Wa pili utakuja naye wewe." Akakata.

Silvester akapiga makofi, mama wa chipsi akapiga kigelegele, mwenye mgahawa akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Obeid alirudisha simu, uso wote unacheka.

"Umesikia? Nimemwambia baba yako."

"Nimesikia," Nyamizi alisema, mikono kiunoni. "Mimi hujaniambia."

"Nyamizi, unajua, mbao ikisha—"

"Obeid!"

Obeid akaichukua mikono yake yote miwili, yenye makovu madogo ya mkasi, akaishika ndani ya yake yenye vanishi.

"Nyamizi, utaolewa na mimi?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini?" aliuliza haraka, bila hata kutabasamu. Safari hii hakutaka kubahatisha.

Nyamizi alianza kucheka, machozi yakamtoka hapo hapo katikati ya kicheko. "Ndiyo, nitaolewa," alisema, kwa sauti ambayo mgahawa mzima uliisikia. "Na wewe. Obeid, fundi wa Mafinga, si mtu mwingine yeyote."